Mnyweshaji wa Mfalme wa Kilburn

Kazi yangu ilikuwa kulisha watu wazima. Msicheke. Ninyi wajukuu zangu mkiulizwa shuleni bibi yenu alifanya kazi gani, mnajibu "nesi", na mimi nawaacha mseme, lakini unesi sikuusomea. Niliishia darasa la nne, kijijini kwetu Kamachumu, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa viboko. Nilikuwa mtunza wazee majumbani. Naingia kwa ufunguo, naogesha, navisha, nalisha, natoka, napanda basi, naingia kwa mwingine. Haya magoti mnayoyasikia yakilia nikipanda ngazi yalianza kulia huko.

Sasa mkubwa wenu ameanza kazi hiyohiyo, na wenzake wanajaa hapa kwangu Woolwich kula ndizi na kulalamika. Nawasikia. Mzee fulani kakataa kula, mzee fulani katema, basi kaandikiwa kwamba ni msumbufu, shifti imekwisha, kwaheri. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja. Nawaandikia, na naandika kwa Kiswahili. Kila siku mnanijibu kwa Kiingereza ndani ya nyumba yangu; leo mtanifuata mimi.

Kwanza, kaa. Anayelisha mtu huku amesimama ni askari jela. Vuta kiti, macho yako yawe chini ya macho yake. Kijiko kisijae. Angalia koo lake, lishuke ulione, ndipo ulete kijiko kingine. Usipulize chakula cha mtu mzima, si mtoto yule. Na usimlishe mtu ukiwa umevaa koti. Hilo nilifundishwa na Velma, mama wa Kijamaika aliyenitembeza wiki za mwanzo. Aliniona nimekaa na koti langu kwa mzee mmoja, akanivutia jikoni, akaniambia kwamba mzee akiona koti anajua unaondoka, na hakuna anayekula na mtu anayeondoka. Velma alikuwa na mdomo kama wembe, lakini wazee wake walinenepa.

Makosa nilifanya, tena mengi. Kulikuwa na mume na mke ambao niliwaoshea meno ya bandia kwenye bakuli moja, nikamrudishia bwana ya bibi na bibi ya bwana. Walikula chakula cha mchana chote hawasemi neno. Baadaye bibi akaniambia kwa upole kwamba leo nyama ilikuwa ngumu. Hilo tulilicheka. Kosa la Kilburn hatukulicheka.

Mtaa wa Kilburn alikaa Mzee Behruzi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la kadi za simu. Ilikuwa miaka ile ya mwanzoni mwa elfu mbili. Mwajemi. Kwao alikuwa mwalimu wa historia, na historia yake si ya juzi, ni ya wafalme wa kale wa Uajemi, kabla ya Yesu, wenye majumba ya nguzo za mawe na walinzi wengi kama siafu. Alikimbia nchi yake na binti mmoja na masanduku ya vitabu. Nilipoletwa kwake, kumbukumbu ilikuwa imeanza kumchezea. Ya jana alisahau. Ya wafalme alikumbuka yote, mpaka nani alilala mlango upi.

Binti yake, Mina, alifanya kazi benki na kuishi Kenton na watoto wake. Kila Jumapili alimpikia baba yake wali wa zafarani, nyama, mtindi uliokatiwa matango, akapanga friji vizuri kama duka. Mzee hakugusa. Watunzaji waliokuja kabla yangu alikuwa akiwaambia wale wao. Mmoja alirushiwa sahani. Daktari alikuwa amesema wazi: akipungua tena, atahamishiwa nyumba ya wazee. Na Mzee alilijua hilo hata siku alizosahau jina la mtaa wake. Aliniambia baadaye, "Huko kuna jiko, khanum, na wapishi ambao sitawaona kamwe." Khanum kwao ni kama kusema mama mheshimiwa. Ndivyo alivyoniita, na mimi sikuzoea kuheshimiwa kazini, nikakubali haraka.

Siku ya kwanza nilipasha wali, nikamwekea mbele. Akauangalia. Akaangalia mlango. Akaniuliza nani kapika. Nikamwambia binti yako. Akauliza nani kaufungua. Nikasema mimi.

Sasa sikilizeni. Kwetu Buhaya mtu hakupi rubisi, pombe yetu ya ndizi, kabla hajapiga funda mwenyewe mbele yako. Hata kahawa ya kutafuna, mwenyeji anachukua punje yake kwanza. Ni adabu tu, unaonyesha kwamba mikono yako ni misafi na moyo pia. Mimi sikufikiri. Nilichukua kijiko kingine, nikachota pembeni ya ile sahani, nikala. Halafu nikaweka kijiko chini kama nilivyofunzwa na mama.

Mzee alinitazama mdomo. Alinitazama mpaka nikahisi nimepakaa kitu. Kisha akavuta sahani, akala, akamaliza, akakwangua.

Kuanzia hapo akanipa cheo. Alisema kwenye majumba ya wale wafalme alikuwapo mnyweshaji, mtu mkubwa, si mtumwa wa hivihivi. Kabla ya kumpa mfalme kikombe, humimina kidogo kwenye kiganja chake cha kushoto, akanywa, mfalme akimwona. Akafa, mfalme kapona. Asipofa, mfalme anakunywa. Nikamwuliza mshahara wake ulikuwaje. Akasema mkubwa kuliko wako.

Tulikuwa tunakula, ananisimulia. Mimi nilidhani wafalme wanauawa vitani. Akatikisa kichwa. Adui wa nje ana farasi, alisema, unamsikia akija. Wa ndani ana ufunguo. Akauangalia ufunguo wa nyumba yake uliokuwa unaning'inia shingoni mwangu, na sikujua anatania au hatanii.

Kulikuwa na mfalme aliyeuawa kitandani na mkuu wa walinzi wake mwenyewe, yule aliyepaswa kulala mlangoni. Asubuhi huyo mkuu akamwendea mwana mdogo wa mfalme, akamwambia kaka yako mkubwa ndiye muuaji. Mdogo akamwua kaka yake kwa hasira, akakaa kwenye kiti, na muuaji wa kweli amesimama nyuma ya kiti na mkuki. Nikamwuliza, basi ilijulikanaje? Akasema mmoja wa waliokula njama alikwenda kwa mfalme kijana na kusema. Nikasema huyo ni msaliti wa wenzake. Mzee akala kwanza tonge lake, akasema, "Hapo khanum ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wanagombana mpaka kengele inalia."

Akaanza kunawiri. Mashavu yakarudi. Mina akanikumbatia pale mlangoni. Nikaanza kujiona mjanja, na mtu akishaanza kujiona hivyo, kosa liko nyuma yake linavaa viatu.

Nilinunua kuku wa kuchoma, mdogo, mzuri. Nikamweka mezani mbele ya Mzee, nikashika kisu, nikapasua katikati. Nusu yangu nikaila, nikasifu. Nusu yake nikamsogezea. Mzee akageuka rangi. Akasukuma sahani mpaka ikaanguka, akakaa amegeukia ukuta, na siku ile hakula, na kesho yake hakula, hata wali wa binti yake hakuutaka kwangu. Hasira zilinipanda. Nilikuwa nimepanda treni mbili kuja pale, mvua imeninyea. Nikamwambia, Mzee, kama unataka kufa kwa njaa niambie mapema nisiwe napoteza nauli.

Ndipo akaniambia. Kulikuwa na mama wa mfalme na mke wa mfalme, mkwe na mkwe, wanachukiana mpaka mifupani. Kwa kuogopana walikuwa wanakula chakula kimoja kwenye sahani moja, ili akifa mmoja, afe na mwingine. Siku moja akaletwa ndege mdogo wa kuchoma. Mama wa mfalme akachukua kisu, akampasua katikati, nusu akala yeye, akiwa anatabasamu, nusu akampa mkwewe. Kisu kilikuwa kimepakwa sumu upande mmoja.

"Kuonja hakutoshi," Mzee akasema. "Nani ameshika kisu?"

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Hakuwa anasimulia. Alikuwa ameuona ule upande wa kisu.

Visu nikavifungia kabatini. Nikachukua sinia, nikamwaga wali, nyama nikainyofoa kwa vidole mbele ya macho yake, nikatandika zulia, nikamwambia shuka chini, leo tunakula kama kwetu. Kwetu tulikula hivyo, jani la mgomba katikati, mikono pande zote, na hakuna upande wa mtu. Alilalamika magoti. Nikamwambia hata mimi ninayo. Nikamwegemeza kwenye kochi na mito, akala kwa mkono kama mtoto wa nyumbani, akawa ananivizia vipande vizuri. Siku moja nilimpikia ndizi zetu na maharage; akaonja, akaweka chini kwa heshima, akasema kama ndicho alichokula mfalme wenu, lazima alikuwa mgonjwa. Nilimnunia mpaka saa ya chai.

Kampuni ilikuwa na sheria: usile chakula cha mteja. Niliijua. Mina naye alijua ninavyofanya, akafumba macho, maana baba yake alikuwa anaongezeka uzito. Msimamizi wetu, Dorini, hakuuliza, nami sikumwambia.

Sasa dawa. Mzee alikuwa na vidonge vya moyo na kingine cha kutuliza akili, na hivyo alivitema. Alivificha chini ya ulimi, akavipeleka chooni, akavipanda kwenye chungu cha maua. Daktari akamwambia Mina kwamba moyo ule hautakwenda mbali bila dawa. Jumamosi moja Mina alinikuta jikoni, akafunga mlango. Amefanya kazi juma zima, macho mekundu, mkoba bado begani. Akatoa vidonge vimeshasagwa, unga mweupe ndani ya karatasi, akaumwaga kwenye bakuli la mtindi wa matango, akakoroga.

"Mama Koku, mpe wewe," akasema. "Kwangu hali. Kwako anakula chochote."

"Anakula kwa sababu nakula kwanza."

"Leo usile. Mwambie umeshiba."

"Nimwambie uongo."

"Mwambie, ili aishi!" Akashusha sauti. "Wanamchukua. Moyo ukimwangusha mara moja tu, wanamchukua. Wewe utakwenda kwa mzee mwingine. Mimi nina baba mmoja."

Sitawadanganya kwamba Mina alikuwa mbaya. Kama ningekuwa yeye, huenda ningesaga vidonge hivyo kwa kinu. Nilimpigia Dorini pale pale jikoni, nikamweleza. Akasema familia wameongea na daktari, fanya wanavyosema. Halafu akauliza, kwani wewe huwa unaonja chakula chake? Nikakata simu kwa kisingizio cha betri.

Nikabeba bakuli. Kutoka jikoni mpaka sebuleni si mbali, lakini nilikwenda kama nabeba maiti. Mzee alikuwa ameshashuka kwenye zulia peke yake, amekaa ananisubiri, amefurahi. Nikaweka bakuli katikati. Nikaweka vijiko. Mina kasimama mlangoni.

Nikionja, nameza dawa ya moyo wa mtu mwingine. Nisipoonja, atajua. Na nikimdanganya kwamba nimeshiba, pengine atakula, kwa kuwa ni mimi. Hapo ndipo palinichoma. Angekula kwa kuwa ni mimi.

Akasubiri. Akasema, "Khanum, leo huonji?"

"Kuna dawa ndani," nikasema.

Nilimsikia Mina akivuta pumzi. Mzee hakushtuka. Aliangalia bakuli kama mtu anayemwangalia mgeni aliyemtarajia siku nyingi.

"Nani ameitia?"

Nikatazama zulia. Hilo sikuweza kulisema mimi.

"Mimi, baba," Mina akasema.

"Ulitaka nife?"

"Nilitaka uishi."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Wote husema hivyo," akasema, akajivuta juu ya kochi na kugeukia ukuta.

Mina alilia jikoni, na alipomaliza kulia alikasirika, na alipokasirika alimpigia Dorini. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya baba yake. Na zaidi ya hapo nilikuwa nimeambiwa la kufanya na sikulifanya, na ile sheria ya kutokula nayo ikajitokeza. Dorini hakunifukuza, kwa sababu watu wa kupanda ngazi za Kilburn asubuhi na mvua hawakuwa wengi, lakini aliniondoa kwa Mzee Behruzi. Nikapelekwa kwa bibi mmoja aliyekula kila kitu, mpaka nyanya za plastiki za mapambo angezila ukigeuka. Nililala vizuri? Sikulala vizuri. Nilirudia yale maneno kichwani nikifua, nikipika, nikiwa kanisani. Kama angekufa kwa moyo, ningesema nini? Kwamba nilikuwa mkweli? Ukweli hausukumi damu.

Wakampeleka mtunzaji mwingine, kijana mpole. Mzee hakula. Wakampeleka mwingine. Hakula. Mina akamkalisha baba yake mezani na kumbembeleza, hakula. Siku ya kumpima ikawa imekaribia, na kila mtu alijua mizani itasema nini na baada ya mizani kitafuata nini.

Mina akanipigia. Sauti haikuwa na hasira tena. Imechoka, kama yangu. Hakuomba radhi na mimi sikuomba. Akaniuliza tu ulikuwa unafanyaje.

Nikamweleza. Sinia. Mikono. Kisu kisionekane. Wewe kwanza, tena upande wake, si upande wako. Usimhimize. Kula kama una njaa, usile kama unaigiza. Na kidonge weka wazi, mahali pake, kwenye kisosi, usikifiche kwa kitu chochote.

"Hatakimeza," akasema.

"Pengine."

"Na wewe unaniambia niweke tu?"

"Weka. Angalau chakula atakula."

Kisha akasema kitu nilichokielewa baadaye: tangu mama yake afe, hajawahi kukaa chini kula na baba yake. Anapika, anapanga friji, anaosha, anaondoka, watoto wanamsubiri. Akaniomba nije Jumapili. Nikamwambia si zamu yangu na Dorini akijua ataninyonga. Akasema njoo kama mgeni.

Nikaenda baada ya ibada, na gauni langu la kanisani. Mzee alinitazama nikiingia, akaniitikia kwa kichwa kama mkubwa anavyomwitikia mkubwa mwenzake aliyegombana naye. Alikuwa amekwisha, shati limekuwa gunia. Mina alikuwa ametandika zulia. Sinia katikati, wali, nyama, mtindi kwenye bakuli lake, na kidonge kwenye kisosi, cheupe, peke yake, hakuna wa kukikosa. Nikakaa. Mzee akashushwa na mito yake.

Nilitaka kunyoosha mkono niwaanzie, mazoea ni kitu kibaya, nikaukalia mkono wangu.

Mina akakunja mkono wa blauzi yake. Akachota upande wa baba yake, akala. Alikula vibaya, wali ukamdondoka, hajazoea. Akachota mtindi, akala. Akamwangalia baba yake, akasema kwa lugha yao, halafu akanigeuzia kwa Kiingereza nisiachwe nje, kwamba yote amepika yeye na yote ameonja isipokuwa kile cha kwenye kisosi. Kile ni cha moyo wa baba tu, hawezi kukionja, kingemdhuru.

Mzee akamwangalia mdomo. Nilijua ule mtazamo, niliuishi. Aliangalia mpaka wali ukaanza kupoa. Kisha akapeleka mkono kwenye sinia, akafanya tonge, akala. Akafanya lingine. Mina akaendelea kula na machozi yanamshukia kwenye wali, na baba yake akamkemea kwamba chumvi inatosha.

Kidonge hakukigusa. Mina akaniangalia, nifanye nini. Mimi nikaendelea kula. Tulipomaliza, na chai imemiminwa, Mzee akakichukua kwa vidole viwili, akakigeuza upande huu na upande huu, akamwuliza binti yake kama ana hakika. Mina akasema hana hakika na kitu chochote, ila daktari anasema hivyo na yeye anaogopa. Mzee akafikiri. Akakimeza kwa chai.

Siku nyingine alimeza, siku nyingine alikataa, Mina aliniambia. Nyumba ya wazee hawakumpeleka. Lakini hilo mimi sikulishuhudia. Nililoshuhudia ni la Jumapili ile. Wakati wote ule wa kula, Mzee hakunitazama mdomo hata mara moja. Alimtazama binti yake. Nilifurahi, na roho iliniuma pia, sitawaficha. Mtu akishapewa cheo ikulu, hata kama ikulu yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka, kukiacha si rahisi.

Nikanawa mikono. Nikaaga. Hawakunisikia vizuri, walikuwa wanabishana juu ya chumvi.